Kikombe cha Jumamosi ya Tatu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ya chuo walimwita Pasi, na jina hilo likamganda kiasi kwamba msimamizi mwenyewe, akitaka kumwandika kwenye orodha ya zamu, ilimbidi kwanza aulize jina lake la kweli ni lipi. Alikuwa mtu wa kunyoosha. Alinyoosha mashuka, foronya na makoti ya madaktari, na akifika nyumbani alinyoosha soksi zake na vitambaa vya jikoni vya mama yake. Mdogo wake alikuwa akimwambia, "Kaka, wewe iko siku utalipiga pasi gazeti kabla hujalisoma."

Mdogo wake huyo alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Kifua. Jioni akishafunga karakana alikwenda kwenye banda la mazoezi lililokuwa nyuma ya duka la mbao, akanyanyua vyuma mpaka giza linaingia. Baba yao alifariki kwa ajali wakati Kifua yuko darasa la pili, na tangu hapo Pasi ndiye aliyemvalisha, aliyemkagua kucha, aliyemsindikiza shule. Kwa hiyo kijana aliposhika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kutunisha misuli, Pasi alifurahi kama mzazi. Akaenda akamletea zawadi: kopo la unga.

Lilikuwa kopo jeupe lenye kifuniko chekundu. Maandishi yake yalisema ndani mna asidi amino, yaani vile vipande vidogo vinavyopatikana nyama na maharage yakishasagika tumboni, na kwamba aina hii iliitwa arijinini, nayo huamsha homoni ya ukuaji. Pasi aliyasoma maneno yote mara mbili dukani, akaona ni kitu cha maana. Kifua alikuwa akikoroga kijiko kimoja kila asubuhi kwenye chupa ya maji, anakunja uso.

"Kaka, huu mchungu kama majuto."

"Kunywa, usinipotezee."

Wiki tatu. Siku moja jioni, bandani, Kifua aliweka chuma chini, akakaa kwenye benchi, akaomba maji. Aliyekwenda kuchota aliporudi alikuta amekwisha ondoka. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mungu amrehemu.

Siku ya mazishi shangazi aliuliza kilichomuua mtoto mkubwa vile, mzima vile. Mama akajibu, bila kumtazama mtu, "Ni ule unga alioletewa." Hakusema aliletewa na nani. Hakukuwa na haja. Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki waliinamisha macho, na Pasi, aliyekuwa amesimama na birika la maji ya kunawa, akaendelea kumimina.

Kuanzia siku hiyo Mama hakumwita tena "baba." Tangu azaliwe alikuwa akimwita hivyo, baba njoo, baba umekula, kama mama wengi wanavyowaita watoto wao wa kiume, lakini kwake ilikuwa zaidi, maana kweli alikuja kuishika nafasi ya baba ndani ya nyumba ile. Sasa alisema, "Chakula kipo." Alisema, "Mlango haujafungwa." Na kopo, ambalo lilikuwa limebaki theluthi moja, halikutupwa. Mama aliliweka kwenye rafu ya sebuleni, kati ya redio na picha ya marehemu, kama shahidi anayesubiri kuitwa. Pasi alilipita kila asubuhi akienda kazini na kila jioni akirudi. Hakulia. Alikuwa anasali kama kawaida, magoti chini, maneno yale yale, lakini ilikuwa kama kuongea kwenye simu ambayo hujui kama upande wa pili wamepokea.

Kazini walimwona kabadilika. Mwanamke aliyefanya naye zamu, ambaye walimwita Mama Povu kwa sababu hakuwahi kupima sabuni, alimshika mkono siku moja mbele ya meza ya pasi.

"Wewe, si unaungua!"

Pasi akatazama kidole chake. Kweli kilikuwa kimegusa chuma, ngozi imeshaanza kujikunja. Akakiangalia kama kidole cha mtu mwingine aliyesimama karibu.

"Sikusikia," akasema.

"Hukusikia? Harufu nimeisikia mimi huku kwenye mashine, wewe mwenye kidole hukusikia?"

Miezi minne baada ya mazishi, tangazo lilibandikwa kwenye korido, karibu na lifti ya mizigo. Kitengo cha utafiti, ghorofa ya tatu, kilitafuta wanaume wenye afya njema, miaka ishirini hadi arobaini, wakubali kunywa asidi amino na kutolewa damu, ili ijulikane inafanya nini kwenye homoni za mtu asiye na ugonjwa. Pasi alikuwa anasukuma kitoroli cha mashuka machafu. Akasimama. Katikati ya tangazo lilikuwemo lile jina, arijinini, herufi zile zile alizozisoma dukani.

Mama Povu, aliyekuwa nyuma yake na kitoroli cha pili, akasoma juu ya bega lake.

"Wanataka damu? Wamekosa kazi. Njoo, mashuka ya wodi ya wazazi yanatungoja."

"Nitakwenda," Pasi akasema.

"Wapi?"

"Ghorofa ya tatu."

Hakumweleza sababu, maana ilikuwa moja tu na ilikuwa fupi. Alitaka kujua kama yeye ndiye aliyemuua mdogo wake. Mwili wake na wa Kifua ilitoka tumbo moja. Unga ukiingia ndani yake wakauona unafanya nini, watamwambia.

Nesi wa utafiti alikuwa msichana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimpima uzito, akamfunga mkono kwa mashine ya presha, akambandika nyaya kifuani kusikiliza mapigo ya moyo. Kisha akamsomea maswali kwenye karatasi. Unavuta sigara? Hapana. Unatumia dawa yoyote? Hapana. Katika familia yenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana?

"Hapana," akasema Pasi.

Neno lilitoka lenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumkwepa mgeni, alisema hapana, na nesi akaweka alama ya vema, na hakuna kilichomtetemesha. Alijua tu kwamba akisema ndiyo watamrudisha chini kwenye mashuka na hatajua kamwe.

Utaratibu ulikuwa wa Jumamosi nne. Anakuja asubuhi bila kula kitu tangu chakula cha jioni. Anakuwa hajafanya mazoezi. Saa mbili na dakika kumi anatolewa damu ya kwanza, kisha anapewa kikombe chenye maji ya limau, anakinywa chote, analala kitandani bila kusinzia, maana hata usingizi, alisema nesi, hupandisha hiyo homoni. Damu inachukuliwa tena na tena kwa mrija mdogo uliofungwa mkononi, chupa nane kwa siku. Jumamosi mbili kikombe kitakuwa na unga, na mbili hakitakuwa nao, kitakuwa na kitu kingine chenye uchungu wa kufanana. Yeye hatajua ni lini. Nesi naye hatajua. Namba zimefungiwa kwenye bahasha ofisini kwa daktari.

"Sasa nani anajua?" Pasi akauliza.

"Bahasha," nesi akasema, akacheka kidogo. "Na Mungu."

Jumamosi ya kwanza alikunywa, akalala, akatazama dari. Ilikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio. Alingoja moyo wake ufanye kitu. Haukufanya. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Uchungu wa kikombe ulimkumbusha uso wa Kifua uliokunjamana, akaukumbuka kama mtu anavyokumbuka alipoacha funguo. Nesi alimpigia gumzo asisinzie.

"Wewe unafanya kazi gani hapa hospitali?"

"Dobi."

"Kumbe ndiyo maana shati lako limenyooka hivyo! Mimi wangu nyumbani hata kamba ya kuanikia haijui iko wapi."

Jumamosi ya tatu kulikuwa na kasheshe. Mashine ya kukamua iliharibika alfajiri, na Mama Povu alikuwa peke yake na mashuka ya chumba cha upasuaji, mazito kama mizoga, yanadondosha maji. Alimpigia simu saa kumi na moja. Pasi alikwenda. Hakula wala hakunywa kitu, maana masharti aliyashika. Walisimama ncha hii na ncha ile, wakakamua kwa mikono, shuka baada ya shuka, hadi arobaini na kitu, mgongo unalia, maji yanawatiririka mpaka viwikoni.

"Ungekuwa mume wangu," Mama Povu alisema akihema, "ningekuanika na wewe."

"Ningechukua nafasi kubwa kwenye kamba."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu mazishi, na hata yeye aliusikia ukitoka kwa mbali. Saa mbili kasoro dakika tano alifuta mikono, akapanda ngazi ghorofa tatu kwa kukimbia maana lifti ilikuwa imejaa, akafika kitandani kwa wakati.

"Umekula?" nesi akauliza.

"Hapana."

"Umefanya mazoezi?"

"Hapana."

Hapo hakusema uongo, kwa akili yake. Mazoezi yalikuwa kazi ya Kifua, vyuma na benchi na kioo cha kujitazamia. Mazoezi ni ya mtu aliyemaliza kazi. Kukamua mashuka ilikuwa kazi yenyewe.

Jumamosi ya nne ikaja ikapita. Baada ya mwezi na nusu akaitwa.

Daktari wa utafiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye mistari minne, iliyopanda na kushuka kama vilima vilivyochorwa na mtoto. Alimkaribisha kiti, akamshukuru kwa kujitolea, akasema bahasha zimefunguliwa.

"Wewe umenisumbua kichwa," akasema. "Huu hapa mstari wa Jumamosi ya kwanza, ulikunywa unga. Homoni imepanda kidogo, baada ya saa moja na nusu imerudi ilipokuwa. Ya pili, hukunywa unga, imelala chini muda wote. Ya nne, unga tena, haikupanda hata kidogo, na hilo si la ajabu, haiwi sawa kila siku. Sasa tazama huu wa tatu."

Ulikuwa mlima. Mstari ulianzia juu na kuporomoka.

"Siku hii kikombe chako hakikuwa na unga. Na hata kabla hujakigusa, chupa ya kwanza ilikuwa tayari huku juu. Mara kadhaa zaidi ya siku ya unga. Ulifanya nini asubuhi ile?"

"Nilikuja kazini. Mashine ilikuwa imeharibika, tukakamua kwa mikono."

"Mkakamua nini?"

"Mashuka. Arobaini na kitu."

Daktari aliiacha karatasi. "Baba, hayo ndiyo mazoezi."

"Hayo ni mashuka, daktari."

Alitaka kucheka, akajizuia, kisha akamweleza vizuri. Mwili ukitumia nguvu nyingi, homoni ile hupanda yenyewe, na mara nyingi hupanda zaidi kuliko inavyopandishwa na unga wa kunywa. Kwa watu wazima waliolala kitandani, unga ule kwa wengine huigusa kidogo, kwa wengine hauigusi, na muda si mrefu kila kitu kinarudi. "Maandishi ya kopo yana kelele kuliko kilichomo ndani," akasema.

Pasi alitazama mlima. Mashuka. Kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili.

"Unaweza kuua?" akauliza.

"Nini?"

"Huo unga. Kijiko kimoja kila asubuhi, wiki tatu. Kijana wa miaka ishirini na sita, mzima."

Daktari akamtazama. "Kwa nini unauliza?"

Akasema yote, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeitumia kutaja idadi ya foronya. Kopo, benchi, maji aliyoomba. Na lile swali la nesi, na jibu alilolitoa. Daktari aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ungeniambia, nisingekuchukua. Unaelewa? Nilikuwekea mrija mkononi mara nne bila kujua. Kungetokea jambo, ningemwambia nini mama yako?"

"Naelewa. Nisamehe."

"Damu yako yote itabidi niitoe kwenye hesabu. Chupa thelathini na mbili."

"Sawa."

"Na wala haikujibu swali lako. Hii ni damu yako, si yake. Tuliwapima watu wenye afya njema. Mdogo wako, hospitali walisema alikuwa na nini?"

"Walimpa Mama barua."

"Imesemaje?"

"Hatukuisoma. Iko ndani ya Maandiko."

"Miezi yote hii hamkuisoma?"

Pasi akafikiri. "Jibu tulikuwa nalo," akasema.

Daktari hakumwachia aondoke hivi hivi. Alimpeleka mwenyewe chumba cha pili, wakampaka kitu cha baridi kifuani, wakautazama moyo wake kwenye kioo ukifunguka na kufunga. Ulikuwa hauna kasoro. "Nenda kaisome hiyo barua," akasema. "Na ikiwa imeandika ninachodhani imeandika, mlete mama yako hapa naye tumtazame."

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Mama alikuwa sebuleni akichambua maharage kwenye ungo. Pasi alivua viatu, akasimama mbele ya rafu. Kitabu cha Maandiko kilikuwa pale pale, na bahasha ilichomoza ukingo mweupe kwenye kurasa za zaburi. Aliushika ukingo ule, akagundua kitu ambacho mtu mwingine asingekigundua. Yeye aliyajua makunyanzi. Karatasi iliyokunjwa mara moja ikaachwa ina mkunjo mkali, kama shuka jipya. Hii mikunjo yake ilikuwa imelegea, imekuwa na manyoya, kama kitu kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi sana.

"Mama," akasema. "Umeisoma."

Mikono ya Mama iliendelea. Jiwe moja, akalitupa. Harage moja lililotoboka.

"Siku ile ile waliyonipa," akasema. "Nje ya hospitali, kwenye benchi. Kabla hamjaja."

Aliisoma barua akiwa amesimama. Ilisema nyama ya moyo wa marehemu ilikuwa nene kupita kiasi. Ilisema ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo, mara nyingi hurithiwa kwa mzazi, na juhudi kubwa ya mwili huweza kuifanya iue ghafla. Ilisema ndugu wa karibu wapimwe. Neno unga halikuwemo popote.

"Baba yenu hakuwa na mkunjo wowote moyoni," Mama akasema. "Alikuwa akipanda mlima na gunia la saruji begani huku anapiga mluzi. Basi nani amebaki? Hurithiwa kwa mzazi. Nimelisoma hilo neno mpaka limekuwa kama jina langu." Akauweka ungo chini. "Shangazi yenu aliponiuliza mbele ya watu, ulimi ulikuwa unakwenda kusema ni mimi. Ukasema unga. Na ulipokwisha kusema, nikaweza kupumua. Usiku nikisema unga, nilipata usingizi. Nikikumbuka barua, sikupata."

Pasi aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile.

"Nilikuona unavyokonda. Nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Nikaomba Mungu aniondolee, hakuniondolea. Nilijua una mabega ya kubeba."

Miezi yote ile alidhani siku akiambiwa si yeye, kitu kitashuka kutoka mgongoni, atakaa chini alie. Sasa ameambiwa, mara mbili, siku moja, na kilichokuja kwanza ni kwamba maharage yatachelewa kuiva. Akaangalia mikono ya mama yake iliyolala juu ya magoti. Ilikuwa imeanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga. Aliona wazi kabisa kwamba angeweza kusema neno moja, na angekuwa na haki, na mikono ile isingetulia tena.

"Mama, mtu hachagui anachomrithisha mwanawe," akasema. "Daktari anataka kukutazama moyo. Haumi. Wanapaka kitu cha baridi."

"Na wakikuta ni mimi?"

"Watakupa dawa. Na mimi nitakwenda na wewe."

"Na wewe walikutazama?"

"Walinitazama. Moyo uko sawa."

Mama akafumba macho, midomo ikachezacheza bila sauti. Alikuwa anashukuru. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Litoe hilo."

Pasi alichukua kopo akalipeleka jikoni. Akamimina unga kwenye karo, akafungua bomba. Uliyeyuka mara moja, ukaenda. Akalisuuza kopo mara tatu kama alivyofundishwa kazini, mara ya mwisho kwa maji ya moto, na maji yalipomgusa kile kidole kilichoungua akakivuta haraka, kimeuma. Akakitazama. Akalifunika kopo kifudifudi lichuje.

Mpaka leo liko kwenye nyumba ile, chini ya kamba ya kuanikia, limejaa vibanio vya nguo. Mama alipimwa, na kweli walikuta, na vidonge vyake anakunywa kila asubuhi akikunja uso kama alivyokuwa akikunja mwanawe.

Lakini jioni ile hayo hayajatokea bado. Maharage yalichelewa, yakaiva. Pasi alikuwa chumbani, amewasha pasi, ananyoosha koti la kwenda nalo hospitali Jumatatu na gauni la mama yake, aliposikia sahani zikiwekwa mezani.

"Baba," sauti ikaita. "Njoo ule."

Alichomoa waya ukutani, akaisimamisha pasi wima ili isiunguze kitambaa, akaenda akala.